Utepe wa Mgeni Rasmi

Jina alilopewa na baba yake lipo kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki. Hospitali nzima, kuanzia mlinzi wa getini mpaka daktari mwenyewe, humwita Bi Sitaki. Wala msidhani ni jina la kumsengenyea. Anaitwa hivyo usoni, naye huitika. Alilipata akiwa bado msichana mwembamba, ndio kwanza ametoka chuo cha uuguzi. Wakaguzi walikuja, na mkubwa wa wakati huo akamwambia amwache mama mwenye uchungu aende akawachemshie wageni chai. Akasema, "Sitaki." Hakupiga kelele, hakutoa sababu. Akarudi kwa yule mama, na wageni wakanywa maji.

Sasa ni mtu mzima, mwili umejaa, miguu inavimba jioni, na kustaafu kunabisha hodi. Ndiye mkuu wa wodi ya wazazi. Wodi yenyewe ni chumba kirefu chenye bati linalopiga kelele mvua ikinyesha, bomba moja la maji ambalo nalo lina siku zake, na vitanda ambavyo kinamama hulala wawili wawili, mzungu wa nne, miguu ya huyu usoni kwa yule. Ukienda kujifungua pale unarudi na mtoto na shoga mpya, upende usipende.

Na kwa upande wa hewa ya kupumulia, hospitali nzima ilikuwa na mashine moja ya oksijeni. Waliiita Bibi, kwa sababu ilikohoa kuliko wagonjwa. Bibi alikuwa hana kwake. Leo yuko chumba cha upasuaji, kesho wodi ya watoto, keshokutwa kwa wazazi, anasukumwa huku magurudumu yakilia. Ukimtaka, kwanza unauliza nani anaye, kisha unaanza kusali. Maana kumpa mmoja ilikuwa ni kumnyang'anya mwingine. Mtu ambaye hajawahi kusimama katikati ya vitanda viwili, mkononi ana mpira mmoja wa hewa, tafadhali asije kutufundisha habari za mgao. Akae kimya tu.

Basi siku moja gari likaja na mashine mpya. Jamani, furaha! Wauguzi walitoka nje, wapishi walitoka, hata wagonjwa wanaoweza kutembea walitoka. Mashine ilitolewa kwenye boksi lake, nyeupe, inang'aa, na ilipowashwa kujaribiwa ilinguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Bi Sitaki akapiga vigelegele. Alikuwa bado anapiga wakati katibu wa hospitali alipoizima na kuichomoa.

"Haitumiki mpaka izinduliwe," katibu akasema.

Hapo ndipo penye utamu wa hospitali ile. Ilikuwa na mazoea yake: kitu chochote kipya hakiguswi mpaka aje mgeni rasmi, akate utepe, apigwe picha, apigiwe makofi. Kiwe kitanda, kiwe kiti cha magurudumu, hata beseni. Kabla ya hapo ni mapambo. Mashine ikawekwa juu ya meza kwenye ukumbi wa kusubiri, ikafunikwa shuka jeupe, shuka ambalo wodini tungeligombania, ikazungushiwa utepe mwekundu wenye fundo kubwa mbele. Boksi lake likasukumwa chini ya meza, maana katibu ni mtu asiyetupa boksi.

Na utepe ule nani aliushona? Mume wake Bi Sitaki! Ni fundi cherehani, ana kibanda chake mkabala na geti la hospitali, mzee mpole mwenye mdomo wa mzaha. Aliushona kwa moyo wote, akautia upindo pande zote mbili usichanike nyuzi. Ndoa za watu hizi, mke anapigana vita mbele na mume anauza risasi nyuma.

Katibu si mtu mbaya, na tuseme ukweli wake. Ni mwanamume wa makamo, amekonda kwa mawazo, shati limechomekwa vizuri hata siku za joto. Mwaka uliopita kililetwa kitanda cha wagonjwa mahututi, kikatumika kabla ya uzinduzi. Mgeni rasmi alipofika akakuta godoro lina doa. Akanuna, akauliza kama ameitwa kuzindua mtumba. Mgao uliofuata ukaenda hospitali nyingine. Tangu hapo katibu akiona kitu kipya kinakaribia mgonjwa, jasho linamtoka.

Kwenye kikao cha wafanyakazi aliwaambia, "Ndugu zangu, wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumsubiri mgeni wetu, nasi tutapona."

"Na mgeni asipokuja?" Bi Sitaki akauliza.

"Atakuja, mama."

Hakuja. Siku iliyopangwa ilifika, viti vikapangwa, mgeni akapiga simu kuwa ana udhuru. Ikapangwa nyingine, akapata udhuru mwingine. Watu wakazoea kuipita ile mashine kama wanavyopita nguzo. Msafishaji alikuwa akiifuta vumbi kila asubuhi, kwa adabu, juu ya shuka. Haikufungwa kwa kufuli, haikuwekewa mlinzi. Ilifungwa kwa utepe tu, na utepe huo ulitosha kuwazuia watu wazima wenye akili zao.

Ndipo Bi Sitaki akaenda likizo kwa dada yake. Aliporudi alimkuta muuguzi kijana wa wodi ya watoto amekaa kwenye ngazi, macho mekundu. Binti wa fundi baiskeli amefariki. Kichomi kilimbana, na Bibi alikuwa chumba cha upasuaji na mgonjwa ambaye tumbo lilikuwa wazi. Muuguzi akakimbia kuiomba ile mpya. Akaambiwa asubiri, mgeni anakuja wiki ile ile, na Bibi atatoka upasuaji sasa hivi. Bibi alitoka, lakini mtoto hakumsubiri.

Bi Sitaki hakulia pale. Alikwenda ofisini kwa katibu, akasimama mlangoni bila kubisha.

"Safari ijayo," alisema, "sitakuomba. Nakuambia mapema usije ukasema nilikuvunjia heshima."

"Mama, mimi pia nina watoto. Unafikiri nililala siku ile?"

"Kulala kwako hakumhusu fundi baiskeli."

Akaondoka. 

Haya. Siku yenyewe ilipofika, ilikuwa asubuhi ya kawaida, foleni imejaa, watoto wanalia, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Aliletwa msichana mmoja, mke wa mchoma matofali, mimba yake ya kwanza na bado haijatimia. Alikuja na mume wake, ambaye mikono bado ilikuwa na udongo, na mama mkwe wake, bibi mmoja wa maneno kuliko redio.

"Nilimwambia asibebe ndoo!" mama mkwe alikuwa akitangaza. "Nilimwambia! Lakini watoto wa siku hizi wanasikia?"

"Mama, aliyebeba ndoo ni wewe au yeye?" Bi Sitaki akamjibu huku akivaa glovu. "Basi toka nje, ukasali kwa sauti ndogo."

Mtoto akatoka upesi, wa kiume, mdogo, ngozi laini mno. Bi Sitaki alimkata kitovu, akamfuta, akamsugua mgongo. Mtoto akavuta hewa mara moja, akaguna. Akavuta tena, na kila alipovuta, kifua kilizama ndani, pua zikatanuka, akaguna kama mzee anayepanda mlima. Midomo ikaanza kugeuka rangi. Bi Sitaki aliweka kibarakoa cha kupulizia hewa usoni kwa mtoto, akaminya mfuko wa hewa kwa vidole. Rangi ikarudi. Akiacha, inaondoka.

"Bibi yuko wapi?" akauliza.

"Wodi ya watoto," muuguzi kijana akasema. Alikuwa yule yule wa kwenye ngazi, sasa amehamishiwa kwa wazazi. "Yuko na mtoto mwenye kichomi. Nimemwona asubuhi, mama. Bila Bibi hafiki mchana."

Mama mzazi aliinua kichwa kitandani. "Kwa nini halii? Sista, mwanangu kwa nini halii?"

"Analia kimya kimya, mama. Tunakwenda kumletea sauti yake." Kisha akamgeukia muuguzi. "Shika hapa. Minya hivi, usiongeze, usipunguze. Mkono ukichoka badilisha mkono, lakini usiache."

Akachukua mkasi wa kitovu kwenye trei. Haukuwa hata umefutwa.

Aliuvuka ua kwa miguu yake ile iliyovimba, na walioshuhudia wanaapa kwamba hakuwahi kutembea vile tangu azaliwe. Akaingia ukumbini. Mabenchi yamejaa watu. Mtunza stoo, aliyekuwa amesimama karibu na meza, akauona mkasi, akauona uso, akasogea pembeni mwenyewe.

"Bi Sitaki, subiri basi nimwite katibu..."

"Mwite. Mwambie aje na makofi yake."

Akakata utepe. Hakukuwa na kipaza sauti, hakukuwa na mpiga picha. Ukaanguka sakafuni vipande viwili, shuka likafuata, na mashine ikabaki uchi mbele ya watu. Mwanamke mmoja kwenye benchi akaguna, "Loo!" Mwingine akapiga kigelegele, kifupi, kama kimemponyoka.

Sasa kuna jambo ambalo waliotengeneza mashine ile hawakulifikiria. Magurudumu yake yalikuwa ya sakafu laini, madogo mithili ya vifungo vya koti. Kati ya ukumbi na wodi ya wazazi kuna ua wa kokoto. Ilipofika kwenye kokoto, iligoma. Bi Sitaki alisukuma, akavuta, akaitukana tusi ambalo wakunga hawalisemi mbele ya watu. Mchoma matofali alikuwa amesimama mlangoni pa wodi, hajui aende wapi. Alipoona vile hakuuliza. Akaja, akainama, akaikumbatia mashine, akainyanyua begani kama mfuko wa saruji, akakimbia nayo. Mama mkwe akamfuata nyuma ameshika waya usiburutike, na hata habari za ndoo hakuzikumbuka.

Ikachomekwa. Ikanguruma. Mpira mwembamba ukawekwa puani kwa mtoto, na Bi Sitaki akamwambia muuguzi aache kuminya. Wote wakatazama kile kifua. Kikazama, kikapanda. Midomo ilikuwa ya zambarau, kisha haikuwa na rangi yoyote, kisha pole pole ikaanza kuwa midomo ya mtu. Muuguzi kijana akakaa chini sakafuni, akalia waziwazi, na hakuna aliyemkataza.

Katibu alifika anahema, na mlinzi nyuma yake.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimezindua."

"Mgeni anakuja Alhamisi! Safari hii amethibitisha! Mama, nisikilize." Alishusha sauti, maana mama mzazi alikuwa akiwatazama. "Tumeshaahidiwa chumba kizima cha watoto njiti. Akija akikuta hivi, tumekwisha. Umeokoa mmoja, umewaua kumi wa mwakani. Umewafikiria hao?"

Na tusimcheke, kwa sababu swali lake lilikuwa swali. Bi Sitaki mwenyewe aliweka mkono wake juu ya mguu wa mtoto, ambao ulikuwa mdogo kama kidole gumba chake.

"Hao kumi wakija nitagombana kwa ajili yao," alisema. "Huyu ameshakuja. Unaitaka mashine? Haya, ichukue. Ila mpira huo sitautoa mimi. Utoe wewe, kwa mkono wako, mama yake anakuangalia."

Katibu akamtazama mlinzi. Mlinzi akatazama dari. Mchoma matofali alisimama na mabega yake yale. Katibu akageuka akatoka, na njiani aliokota vile vipande viwili vya utepe, akavikunja, akavitia mfukoni.

Jioni nyumbani, mume wake alimkanda miguu kwa maji ya moto yenye chumvi.

"Mke wangu, nimeletewa utepe niunganishe," alisema. "Nao umekatwa vibaya. Ungeniambia ningekupa mkasi wa kazi."

"Usiushone."

"Kwa nini nisiushone? Fundi hakatai kitambaa. Wewe ulishakata, sasa niache na mimi nishone. Tuone nani atachoka kwanza."

"Alhamisi wakija kuitoa ile mashine nitalala juu yake, baba watoto. Wanibebe nayo."

"Na uzito huo?" mzee akasema. "Mashine ndiyo ya kuhurumiwa." Akarushiwa taulo.

Alhamisi mgeni rasmi akaja kweli. Magari, vumbi, suti. Bi Sitaki alikuwa ameamriwa asitoke wodini, na hakuwa na nia ya kutoka. Alikuwa amevuta kiti, amekikalia karibu na mashine, mikono kifuani, anasubiri waje. Mtoto alikuwa bado na mpira puani, lakini alishaanza kunyonya maziwa matone matone. Hakuja mtu. Akasikia hotuba. Akasikia makofi. Bado hakuja mtu. Kisha mume wake akachungulia dirishani, mdomo ameuziba kwa mkono.

"Njoo uone," akanong'ona. "Njoo uone mazingaombwe."

Akamwachia muuguzi kiti, akaenda mpaka mlangoni pa ukumbi. Meza ilikuwa pale pale. Shuka jeupe lilikuwa pale pale, limefunika kitu cha mraba. Utepe mwekundu ulikuwa umezunguka, na ukijua pa kutazama ungeona mshono. Mgeni rasmi, mtu mnene mwenye tabasamu la picha, akapewa mkasi, akakata. Makofi. Picha. Akapiga piga juu ya shuka kwa kiganja, kitu kikatoa mlio wa boksi tupu, *bu bu*, naye akasema, "Itunzeni, itunzeni sana." Hakufunua. Wala hakuna aliyemwomba afunue. Akanywa soda, akatazama saa, akaondoka na magari yake, akiwa amefurahi kabisa.

Mzee fundi alikuwa anacheka mpaka machozi. Watu wa kwenye mabenchi walikuwa wanacheka. Hata mtunza stoo alikuwa ameinamia ukuta, mabega yanatikisika. Bi Sitaki peke yake hakucheka. Alipita katikati yao mpaka kwa katibu, ambaye alikuwa akijifuta jasho kwa leso na kutabasamu kama mtu aliyeponea chupuchupu.

"Boksi," Bi Sitaki akasema.

"Mama, afadhali tumemaliza salama. Mashine ni yako sasa, itumie."

"Boksi lilitosha?"

Katibu akaacha kujifuta.

"Nakuuliza. Leo boksi limetosha. Na wiki ile? Binti wa fundi baiskeli alipokuwa anavuta roho mle ndani, na mashine imesimama hapa, na boksi lake liko hapo chini ya meza, hapo hapo, miguuni pako. Siku ile boksi halikutosha?"

Kicheko kikakatika ukumbi mzima.  Tabasamu lilikuwa limebaki usoni kwa katibu limesahauliwa, kisha nalo likaondoka. Akakaa kwenye benchi katikati ya wagonjwa, kama mgonjwa.

"Sikufikiria," akasema. "Wallahi, mama, sikufikiria."

"Hukufikiria," Bi Sitaki akasema, na sasa ndiyo sauti ikamvunjika, mbele ya watu, na hakujali. "Na hilo ndilo litakaloniua mimi."

Msije mkadhani aliachwa. Utovu wa nidhamu ni utovu wa nidhamu, na habari za mkasi zilifika juu. Aliondolewa ukuu wa wodi ya wazazi, akapelekwa chumba cha sindano, mlango unaotazamana na ukumbi wa kusubiri. Waliomwondoa walisema atulie huko astaafu kwa amani. Hakutulia. Kila alipopata upenyo aliuvuka ule ua wa kokoto kwenda kuitazama mashine, na muuguzi kijana, ambaye sasa ndiye mkuu wa wodi, hakuthubutu kumwambia si zamu yake.

Baada ya muda kikaletwa kitanda kipya cha kujifungulia. Bi Sitaki alikuwa mlangoni kwake na bomba la sindano mkononi, akatazama kitafanyika nini. Katibu akatoka, akakizunguka, akaagiza kifunguliwe. Mtunza stoo akauliza kama alete utepe.

"Kitanda kipelekeni wodini," katibu akasema bila kumtazama mtu. "Boksi liacheni hapa. Funga utepe kwenye boksi."

Wakafanya hivyo. Boksi lipo mpaka leo, juu ya meza, limefunikwa shuka, linafutwa vumbi kila asubuhi.

Mwezi ule ule, mke wa mchoma matofali alimleta mwanawe kuchanjwa. Mtoto amekuwa bonge, shingo haionekani, amevalishwa na bibi yake kofia tatu. Bi Sitaki alimshika paja, akamchoma. Kwanza kimya. Mtoto akavuta hewa ndefu, kifua kikajaa, akaachia ukelele uliowanyamazisha watu wote kwenye mabenchi.

Katibu akatoa kichwa ofisini, simu iko mkononi, ameiziba kwa kiganja.

"Mama! Mnyamazishe kidogo, tafadhali. Niko na mgeni rasmi hewani. Anasema wiki hii tena hawezi kuja."

"Simnyamazishi," Bi Sitaki akasema. Alimwinua mtoto juu, akamwelekeza kwenye ile simu alie vizuri. "Mwambie asiwe na haraka. Mwenyeji ameshapona."